Chama cha Babu na Siku Zangu Nane

Ndugu zangu, asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wale wasiopenda salamu ndefu, habari za Ijumaa. Nimewasalimia wote makusudi, maana mnajua kikundi hiki chetu cha kusaidiana huku Uarabuni kiliwahi kununiana mwezi mzima kwa sababu ya nani asalimie kwanza. Cheka tu, dada, wewe ndiye ulinuna kuliko wote.

Majina sitataja. Nafanya kazi za ndani Mirdif, kwa familia ya Kirusi, mwaka wa tano huu. Madam ana baba yake, alimleta huku mzee alipofiwa na mke. Mimi namwita Babu. Miguu yake mibovu lakini mdomo mzima. Nikianza kupiga pasi tu, anavuta kiti, ananihadithia chama chake cha siasa. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, tunaelewana vizuri kabisa.

Chama hicho kilizaliwa jikoni kwake, serikali yao ya zamani ilipoanguka. Walikuwa walimu, madaktari, mainjinia. Walitaka mahakama huru, magazeti yaachwe yaseme, kura zihesabiwe kama zilivyopigwa. Nani atapinga hapo? Uchaguzi wa kwanza wakaingia bungeni, wachache lakini wamo. Kisha mwenzao mmoja akaitwa awe waziri. Nusu wakasema aende akasaidie kutoka ndani, nusu wakasema huyo kanunuliwa. Babu akaondoka na nusu yake. Miaka ikapita, nusu ile nayo ikagombana, safari hii juu ya kuungana na chama kingine. Babu akaondoka tena.

Nisiwadanganye, serikali nayo iliwaminya. Walinyimwa kumbi, sahihi za wafuasi wao zikaambiwa hazifai, mwisho ikaja sheria ya kudai wanachama maelfu kwa maelfu, wakafutwa. Hilo lilinitia uchungu. Kilichonikasirisha ni cha baadaye. Sheria ikalegezwa! Ilitakiwa tu wakae ukumbi mmoja, wachague mwenyekiti mmoja, waandikishwe upya. Babu akakataa kwenda, kwa sababu ukumbini atakuwepo yule aliyetaka uwaziri. Miaka ishirini imepita, jamani! Nusura niunguze shati la sir, mume wa madam.

Nawaambia, nilimcheka mzee wa watu, na huku mambo yangu yalikuwa hayo hayo.

Mnaukumbuka mwaka ule tulipopiga kura ya mwenyekiti wa kikundi hiki, hapa hapa Al Qusais. Mwenyekiti anaomba kipindi cha tatu, mimi nasema mtu asizidishe viwili. Hata leo nasema. Mikono ikanyooshwa, nikashindwa kwa mkono mmoja. Mwenye akili angekaa. Mimi nikachukua mkoba, nikasema khalas, imetosha, nikatoka na wanawake wanane, tukajaa kwenye lifti tunapongezana. Tukaanzisha kikundi chetu. Baada ya miezi mitatu tulibaki wanne, na mimi nikiwemo. Wengine tuligombana nao juu ya jina la kikundi. Na niliona raha! Nilijiona msafi.

Katika wale wanne alikuwemo binti wa Mbeya, mfanya usafi, anakaa Muhaisnah kwenye nyumba za kampuni. Mpole. Alinifuata kwenye lifti ile bila hata kujua tunagombania nini. Asubuhi moja akiwa kazini akaanguka, hakuamka tena.

Tukabaki watatu, wote wafanyakazi wa ndani, wote mapumziko yetu Ijumaa. Na Ijumaa, kama mjuavyo, ofisi zimefungwa. Kumsafirisha marehemu kunataka barua ya hospitali, ya polisi, ya ubalozi mdogo, kampuni nayo ifute visa. Kila karatasi inataka mtu wa kusimama dirishani siku ya kazi, tena anayejua Kiarabu. Mtu huyo tunaye humu, ndiye mwenyekiti. Ana duka lake, anatoka akitaka, na marehemu wangapi kawafikisha kwao mnajua wenyewe. Namba yake ninayo. Sikupiga.

Nilipiga kwa kampuni, wakaniambia bukra, piga kesho, na kesho yake bukra tena. Nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikapanga foleni kwenye dirisha ambalo silo, nikarudi mikono mitupu. Mama wa marehemu akawa ananipigia kutoka Mbeya: "Mwanangu anakuja lini?" Namjibu, "Karibuni, mama, inshallah."

Siku ya nane nikamweleza Babu. Kusema kweli nilitaka aniambie nipige. Akagonga meza: "Usirudi! Mtu mwenye msimamo harudi. Sisi hatukukosea hata mara moja."

Nikamwuliza, "Babu, sasa mko wangapi?" Maana kila Jumanne wanakutana kwenye kompyuta.

"Wanne," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini wawili hawasemeshani."

Alisema kwa fahari. Nikamtazama yule mzee, msomi, mkweli kuliko watu wengi niliowahi kuwafanyia kazi, nikaogopa. Nikazima pasi, nikatoka uani, nikapiga simu.

Mwenyekiti hakunipokea kwa asali. "Siku nane! Wee dada, siku nane mmemueka mtu kwenye friji na hukunambia? Una moyo gani wewe?" Nikaanza kujieleza, akanikata. "Nipe jina la kampuni. Yalla." Baada ya siku nne mwili ulipanda ndege.

Mwenyekiti, asante, na asante kwa kutupokea tena humu. Kipindi cha tatu bado sikikubali, na leo ikipigwa kura nitanyoosha mkono kukupinga. Asanteni kaka zangu wa kambi za wafanyakazi za Sonapur mliokuja kubeba jeneza na nguo za kazi, bila kuoga, bila kula. Asante madam kwa ile ruhusa ya nusu siku, ingawa hanisikii. Ndugu zangu, ukishindwa kura, nuna, lalamika, andika barua kali, lakini kaa kwenye kiti chako. Yupo mtu atakayekuhitaji uwe humu ndani.

Baada ya mazishi mama yake alinipigia. Alinibariki mpaka nikatamani kukata simu. Kisha akauliza, kwa upole tu, mbona ilichukua muda. Nikamwambia, "Mama, ofisi za huku zilifungwa." Leo nawaambia ninyi kile nilichoshindwa kumwambia yeye. Ofisi zilikuwa wazi. Ni mimi sikutaka kupiga simu.