Jirani Aliyesimama Siku ya Leseni

Nianze na waliopo kwenye kikao hiki, nisiruke mtu. Yuko Rebeka mjukuu wangu, aliyenishika mkono mpaka hapa. Wako Esta na Juliana, mtu na dada yake, wameolewa huku Dundori. Yuko Mzee Stefano, bwana wa Juliana. Na pale dirishani ni Tabitha, binti wa aliyekuwa jirani yangu Nakuru. Wajane wenzangu na wengine, nawaona nyote.

Ile miaka ya hamsini bwana yangu alifia kazini reli, nikabaki na chumba cha lokesheni, ule mtaa wa Waafrika, na mtungi wa busaa, pombe yetu ya nafaka. Nilipika, nikauza, nikala. Lakini mwanaume akiingia kwangu namuuliza kwanza, "Unga umepeleka nyumbani?" Kama bado, simpimii.

"Huyu ni mke wetu sisi sote!" walinicheka. Wakaniita Mama Unga.

"Mke wako anangoja," namjibu. "Nenda, urudi."

Kisha sheria ikakaza: pombe iuzwe holi ya kanjo, baraza la mji, peke yake. Askari wakamwaga busaa yangu mlangoni, mtungi wakaupiga teke. Tangu hapo watu waliogopa kuonekana na mimi. Nilisikia wanawake wakicheka mferejini. Nikifika na ndoo, wanatawanyika. Ndugu zangu, msinicheke, jioni niliuliza ukuta, "Unga umepeleka?" ndio nisikie sauti ya mtu.

Sheria ikabadilishwa tena. Sasa Mwafrika angeweza kuomba leseni ya kilabu chake, mradi jirani asimame mbele ya wakubwa aeleze tabia yake. Nikikosa leseni, kodi sina, chumba kinaenda, na shemeji yangu wa Molo alishasema kwake hakuna nafasi. Nikabisha mlango baada ya mlango. Wanaume niliowapimia wote wakasema siku hiyo wana kazi. Mama Tabitha sikumwomba. Alikuwa mtu wa kanisa, pombe hataki hata kuinusa, na hatukuwa tunaamkiana.

Siku ilipofika niliketi kwenye benchi peke yangu. Mzungu akauliza, karani akatafsiri: "Nani anamjua huyu mama?"

Nikainuka niondoke.

"Mimi."

Alikuwa Mama Tabitha, mlangoni, kitambaa cha buluu kichwani. "Pombe yake siipendi, na kesho sitaipenda. Lakini ni huyu tu anamfukuza bwana yangu aniletee unga. Huko holi yenu nani anamuuliza?"

Karani alicheka kwanza, ndio akatafsiri. Leseni nikapata.

Mama Tabitha hakukanyaga kilabu changu mpaka akafa. Ila kila jioni alipita nje akiita, "Mama Unga, uko?"

"Niko."

Basi anaenda zake. Namshukuru kwa hilo kuliko hata leseni. Nanyi, mkisikia mwenzenu ameitwa mbele ya wakubwa, msingoje awaombe. Nendeni, hata kama hamwamkiani.

Tabitha, kama kitambaa cha mama hakikuwa buluu, nisahihishe. Na nyinyi wengine, nilipokosea mje mniambie. Nyumbani kwangu mnapajua. Hata mkipita tu mkaita, niko.