Nyumbani kwa Mnyapara

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Nimeombwa nisimame, na wamo humu wanaonijua vizuri. Majina sitataja.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini. Nilikuwa na mwili mkubwa, basi mnyapara wetu akaniita, akanipa kiboko. "Utakuwa kama mimi," akasema. Nawaambia kweli, ndugu zangu: nilifurahi mno.

Kazi yangu ilikuwa kuwapiga waliochelewa. Siku moja nilimpiga mkataji wa rika la baba yangu, kwa mpini wa kiboko, mpaka mfupa wa bega ukalia. Akaanguka. Wenzake wote wakanyamaza. Ule ukimya niliupenda, Mungu anisamehe.

Wiki ile ile wakataji wakamvizia mnyapara katikati ya mkonge. Nilimkuta chali, damu inamtoka puani na masikioni, jicho moja limechomwa na mwiba wa jani. Akanishika shati. "Kamwite mke wangu."

Nikakimbia hadi kwake. Mkewe akafungua mlango. Mkono wake mmoja ulikuwa umewahi kuvunjwa, ukaunga vibaya, umepinda.

"Shikamoo mama. Mzee kapigwa."

"Amekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi rudi. Akifa, uje."

Mwanawe, wa umri wangu, alikuwa uani ananoa panga. Akakitazama kiboko mkononi mwangu. "Wameniwahi," akasema, akaendelea kunoa.

Nilirudi nikiwaza. Nyumba ile ilikuwa yangu ya kesho. Mke kama yule angekuwa wangu, na kijana kama yule ningemzaa mimi.

Mnyapara akaniuliza, "Wanakuja?" Nikamdanganya: wanakuja. Nikambeba mgongoni hadi hospitali ya shamba. Akapona, jicho likapotea. Akaniambia nishike nafasi yake. Nikakataa, na kiboko nikakitupa ndani ya mashine inayosaga mkonge.

Kisha nikaenda kwa yule niliyemvunja bega. Kabla sijafungua kinywa, alinizaba kofi kwa mkono ule mzima, nikaona giza. Nikabaki nimesimama.

"Umemaliza kusimama?" akaniuliza. "Shika panga. Mistari yangu inaningoja."

Nikamkatia mkonge mpaka bega likaunga. Hasira hazikuniisha kwa siku moja, msidhani. Mara mbili niliinua ngumi kwa wenzangu, na mara zote mbili akaniita, "Mwanangu, shusha." Nikashusha.

Nakushukuru, baba uliyenizaba kofi, hapo ulipokaa. Namshukuru na mama, mkeo, aliyenipakulia chakula mwezi mzima bila kunisemesha, kisha siku moja akaniuliza kama chumvi imetosha. Nililia juu ya sahani.

Nanyi vijana, mkubwa akikuahidi cheo chake, usikipokee hapo hapo kazini. Nenda kwanza kwake, ubishe hodi, usikie wanavyomtaja.