Hesabu ya Saa Sita Mchana

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Zulmira Pestana Coutinho alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Barra do Caxixe, mtoto wa tatu wa mzee Olindo Pestana, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha chuo cha ualimu mjini Vitória, alikohitimu Desemba 1970.

Alifundisha sayansi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kulipopambazuka, alinyoosha kamba kutoka ukingo wa maji hadi kwenye matuta ya mchanga, akahesabu matundu ya kaa, madogo chini kwenye mchanga wenye unyevu, makubwa juu, ambako kaa aliyekomaa ana nguvu za kuchimba mpaka aufikie unyevu huo. Wavuvi walimtania, "Mwalimu, leo wote wameitika?" naye akawajibu, "Wote, isipokuwa wewe uliyesinzia tangu darasa la pili!"

Tarehe 8 Septemba 1973 aliolewa na marehemu Adelmo Coutinho, muoka mikate, wakajaliwa watoto wawili, Nivaldo na Cleide, na mjukuu mmoja, Ionara, anayesoma historia hii.

Tarehe 11 Februari 2019 mtaalamu wa kampuni ya ujenzi alikuja kupima ufuko kabla ya ukuta wa bahari kujengwa, naye Ionara, wakati huo mwanafunzi wa biolojia, akamshikia kamba, wakahesabu saa sita mchana, saa ambayo kaa huziba matundu yao kwa mchanga kukwepa joto, wakapata manne tu, lakini fomu ikaandikwa saa kumi na mbili asubuhi, na Ionara, aliyehitaji barua ya mafunzo kwa vitendo, akatia sahihi kama shahidi. Bibi yake alimwuliza mara moja tu, "Mjukuu wangu, nimekulea ufukweni, jua hukuliona?" kisha akaendelea kumenya mihogo.

Marehemu alipeleka madaftari yake ya hesabu za kaa halmashauri mara saba kuupinga ukuta, na mara zote saba alionyeshwa sahihi ya mjukuu wake mwenyewe.

Ukuta ulikamilika Oktoba 2020, mawimbi yakaugonga na kurudi na mchanga, sehemu ya juu ya ufuko ikaliwa yote, na kaa wakubwa hawakuonekana tena. Jumamosi, tarehe 6 Julai 2024, marehemu aliteleza kwenye ngazi za ukuta huo, kamba mkononi, akavunjika nyonga, akapata nimonia, akafariki tarehe 25 Julai, saa kumi na dakika ishirini jioni, akiwa na miaka 73.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa, majirani waliotuletea mchuzi wa samaki kila siku, na walimu wenzake, na kampuni iliyotuma shada la maua inajulishwa kwamba shada hilo limeachwa getini.

Mbele yenu nyote, kumbukumbu isahihishwe: ilikuwa saa sita mchana.

Pumzika sasa, Mwalimu. Ionara ameitika, amechelewa.