Picha Ambayo Fundi Hakuieleza

Ndani ya basi, mama mmoja alimpakata bintiye huku akiwasikiliza wawili waliokaa mbele yake.

"Mwanangu, ukurasa wa shule sasa unakaa vizuri hata kwenye simu ndogo," alisema mzee asiyeona. "Na picha umezieleza, nazipata kwa masikio."

Fundi wa tovuti akacheka. "Mzee wangu, umeota! Maandishi nimeyakuza, lakini picha sijaeleza hata moja."

"Ala! Na hii je?" Mzee akabonyeza simu, nayo ikasoma kwa sauti kavu: "Picha. Msichana wa sweta nyekundu, ana kovu kidevuni. Hushukia sokoni. Mama yake husinzia."

Picha ile mama aliiruhusu mwenyewe iwekwe kwenye ukurasa wa shule. Akakifunika kidevu cha bintiye kwa kiganja.

Basi likasimama sokoni. Mama hakuinuka.