Sanamu ya Sokoni Mwandiga na Fundi Wake, Selestini Kasongo

Baba paroko, wazee wetu, majirani na ndugu wote mliofika hapa Buzebazeba, familia imeniomba niwasomee kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Selestini Kasongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 huko Kibirizi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kasongo, aliyevuka ziwa kutoka Kongo kutafuta kazi bandarini, na mama Agnesi, Mha wa Kidahwe. Alisoma shule ya misheni Ujiji tangu mwaka 1938 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1942, kisha akajifunza uashi, kazi aliyoifanya maisha yake yote, na nyumba kadhaa mnazopita mkishuka ziwani ni za mkono wake.

Mwaka 1962, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa sherehe za Desemba za kuwa Jamhuri, kamati ya soko la Mwandiga ilimwomba atengeneze sanamu ya mkulima mwenye jembe begani, naye akaijenga kwa nondo, waya na saruji, ikazinduliwa tarehe 9 Desemba kwa ngoma. Hata wiki haikuisha, watu wakaanza kusema yule si mkulima, ni Nikodemu, mchuuzi aliyezama ziwani mwaka 1960 na mwili wake usionekane, ingawa marehemu hakuwahi kumtia Nikodemu machoni. Wapita njia wakawa wanaiamkia, wengine wanaiwekea sigara miguuni, na mama yake Nikodemu, bibi Stephania, akawa anatoka Kidahwe kila siku ya gulio kuja kukaa mbele yake.

Mjane wa Nikodemu, Rahabu, aliyeuza mawese jirani kabisa na sanamu hiyo, alimfuata marehemu nyumbani, akamwambia, "Fundi, mume wangu ziwa limekataa kumrudisha, wewe umemrudisha kwa ruhusa ya nani?" Wajumbe wa kamati hawakutaka sanamu iguswe, wakisema ni mali ya umma, lakini marehemu aliwajibu kwamba Rahabu naye ni umma, akapanda ngazi na tindo, akabomoa pua na mashavu, akapiga saruji upya, Rahabu akiwa amesimama chini anatikisa kichwa, mpaka hatimaye akasema, "Sasa simjui," akarudi kwenye mawese yake.

Gulio lililofuata bibi Stephania alifika, akaitazama, akageuka, asionekane tena sokoni. Marehemu alikwenda Kidahwe kumweleza, na bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, mngeniita na mimi."

Tarehe 7 Agosti 1965 alifunga ndoa na Rahabu, wakajaliwa Feliksi mwaka 1966 na Honorata mwaka 1969, naye Leodgar, mtoto wa Nikodemu, akalelewa humo humo bila kutengwa. Mwaka 1974, watu walipohamia vijiji vya ujamaa na bibi Stephania akapewa kiwanja mahali pasipo na mti wala jirani anayemjua, ni marehemu aliyemjengea nyumba, wakawa wanatembeleana mpaka bibi alipofariki mwaka 1979.

Mwaka 1981 lori lilirudi nyuma likaigonga sanamu, kichwa kikaanguka, na kwa kuwa marehemu alikuwa tayari anaumwa kifua na ngazi haiwezi, wafanyabiashara walichanga saruji, wakakirudisha wenyewe. Leodgar alipompeleka kuiona, aliitazama, akasema, "Shingo nene. Iacheni hivyo hivyo."

Hali yake ilizidi kuwa mbaya Machi mwaka huu wa 1983, akalazwa hospitali mjini Kigoma, na tarehe 2 Juni, asubuhi, akafariki dunia akiwa na mkewe kando.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Buzebazeba waliotupokea zamu za kumwuguza, mafundi wenzake waliochimba kaburi, na wafanyabiashara wa Mwandiga waliofunga soko leo. Tunawashukuru pia nyote mliokuwa mkimsimamisha njiani, miaka yote hii, kumwambia uso wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi, maana hakuna hata mmoja wenu ambaye marehemu alimpita bila kumsikiliza.

Selestini, mume, baba na fundi wetu, Mungu akupe pumziko la amani.