Usiipite Qarabagh

ESHAQ: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

BELQIS: Eshaq, ni mimi. Dada yako.

ESHAQ: Aa, Belqis! Mmeshafika Jaghori kwa mjomba? Basi lenu limekimbia kweli, sisi ndio kwanza —

BELQIS: Mko wapi?

ESHAQ: Ghazni, tunakunywa chai. Mizigo ya harusi imelemea gari, linahema kama mzee kwenye ngazi. Simu yako iko wapi?

BELQIS: Mama yupo?

ESHAQ: Huyu hapa, nimeweka spika.

MAMA: Belqis! Baba yako amemeza dawa ya presha?

BELQIS: ...Amemeza, Mama. Eshaq, toa spika.

ESHAQ: Kwani kuna —

BELQIS: Toa, nakwambia! Nenda nje.

(Mkwaruzo.)

ESHAQ: Haya, niko nje. Unanitisha.

BELQIS: Usiipite Qarabagh. Geuza gari, mrudi Kabul.

ESHAQ: Turudi? Binti wa mjomba anaolewa kesho, dada! Nguo zake tunazo sisi —

BELQIS: Basi letu limesimamishwa hapo Qarabagh. Watu wenye bunduki.

ESHAQ: ...Yarabi.

BELQIS: Hata vitambulisho hawakuangalia. Walitazama sura tu, nani Mhazara kama sisi. "Hazara, shuka. Wewe pia, shuka." Wapashtuni wakaambiwa wakae.

ESHAQ: Na wanawake?

BELQIS: Tumeachwa. Simu wametunyang'anya. Hii ni ya mama mmoja Mpashtuni, aliificha kwenye nepi za mwanawe. Aliwaomba kwa jina la Mungu, "Huyo mzee ni mgonjwa, mwacheni." Wakamsukuma kwa mtutu.

ESHAQ: Mzee gani?

BELQIS: Eshaq, nisikilize.

ESHAQ: Belqis. Mzee gani?

BELQIS: Wamechukua saba.

ESHAQ: Nakuja.

BELQIS: Eshaq!

ESHAQ: Nitaongea nao. Kipashtu nakijua, nitawaambia —

BELQIS: Utaongea nao kwa sura ipi? Si hiyohiyo? Na Mama utamwacha na nani?

ESHAQ: Siwezi kumwacha Baba huko, dada. Siwezi.

BELQIS: Tumesikia risasi. Nyuma ya kilima.

(Mkwaruzo mrefu.)

ESHAQ: ...Labda walipiga juu. Kutisha watu.

BELQIS: Labda.

ESHAQ: Labda, eti?

BELQIS: Geuza gari, kaka yangu. Nakusihi.

ESHAQ: Na wewe?

BELQIS: Huyu mama amenipeleka kwao. Wazee wa kijiji chake wameenda kuwaomba wale wenye bunduki... tuwachukue watu wetu, tukawazike.

ESHAQ: Usiseme hivyo. Usi —

MAMA: Lete hiyo simu. Lete! ...Belqis?

BELQIS: Mama. Chaji inaisha, Mama, nitapiga —

MAMA: Nimemkuta kaka yako amekaa chini kwenye matope. Baba yenu wamemchukua?

BELQIS: Mama, mrudishie Eshaq simu.

MAMA: Mimi ni mkewe. Niambie.

BELQIS: Ndiyo, Mama.

MAMA: Alipiga kelele?

BELQIS: Hapana. Alishuka mwenyewe, akanishika kichwa.

MAMA: Alisema nini?

BELQIS: Alisema, "Waambie wale walioko nyuma wasije." Hilo tu.

(Upepo kwenye simu.)

MAMA: ...Eshaq. Inuka, mwanangu. Washa gari, tunarudi. Baba yako amesema.

BELQIS: Mama? Mama, mkifika tu ni —

(Simu imekatika.)