Diski Isiyo na Sauti

Kitu kisichopiga kelele, utajuaje kwamba kinakufa? Swali hilo lilininyima usingizi miezi mingi, ndugu zangu, na leo nasimama kumshukuru Bwana aliyenitoa humo.

Mimi ni kijana wa Uyole. Baada ya chuo niliajiriwa kutunza kompyuta za hospitali ndogo ya misheni huku Igowole. Mafaili ya wagonjwa wote yako kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu, ndani ya diski zake za kuhifadhia, lakini ili iwake seva hiyo ilitegemea diski nyingine moja kuukuu, ya aina inayozunguka ndani. Kila asubuhi baada ya umeme kukatika niliibonyeza seva kuiwasha, nikalaza sikio juu ya bati lake, nikaisikiliza diski ikikohoa. Iliamka polepole mno, hata ibada yetu ya asubuhi ikazoea kuisubiri. Mama Sanga, muuguzi mkuu, aliongeza ubeti, kisha mwingine, na wimbo ukaelea kwenye ukungu wa mashamba ya chai mpaka taa ya kijani iwake.

Nilijua kinachohitajika: diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, inayoamka upesi. Lakini nilisoma kwamba hizo huweza kufa ghafla, bila dalili. Ya zamani angalau inalalamika. Nikawaza, nikawazua.

Asubuhi moja nyimbo zilituishia. Kwenye benchi palikuwa na mama na mtoto anayechemka homa. Mama huyo alikumbuka tu kwamba kuna dawa iliyowahi kumvimbisha mtoto uso. Jina la dawa hakulijua. Lilikuwa ndani ya seva. Daktari alishika sindano, akaogopa kuchoma.

"Bado tu?" Mama Sanga aliniuliza.

"Inajitahidi, mama. Naisikia."

"Hata anayekata roho tunamsikia, mwanangu. Wewe umeajiriwa kusikiliza?"

Seva iliamka, mtoto akapata dawa inayomfaa. Lakini mimi nilibaki nimepiga magoti, sikio limepoa juu ya bati, nikajiona kama mtu ninayemtazama kutoka mbali. Ndugu zangu, nilikuwa nimeiweka imani yangu kwenye kikohozi. Pale pale Bwana alinifungua.

Nilikwenda Mbeya, nikarudi na SSD mbili ndogo mfukoni mwa koti, nyepesi kama biskuti. Njia nzima ukungu ulipita dirishani, na moyo wangu ulikuwa kimya.

Nawe uliyeinamisha sikio juu ya hofu yako, mtumaini Bwana, uinuke. Mimi niliinuka. Nilizifunga SSD zote mbili ndani ya seva, ili moja ikifa nyingine iendelee kuiwasha. Mafaili ya wagonjwa niliyaacha kwenye diski zake zilezile, nakala zake nikaziweka pembeni. Diski kuukuu niliichomoa. Asubuhi, kabla ya ubeti wa kwanza, nilibonyeza. Sikuinama kusikiliza. Nikaenda kuimba.